Jino na Damu

Watu wa pwani yetu wamesafisha meno kwa kijiti cha mti wa mswaki tangu zama za kale. Mtoto wa Wiyoni, mtaa ulio pembezoni mwa mji wa Lamu, ni mrithi wa desturi hiyo njema. Lakini wako watoto ambao kwao jino si jambo la kinywa peke yake, nao ni wale wenye selimundu, maradhi ya damu ambayo mtu huzaliwa nayo. Historia ya maradhi haya yaanza, kwa ajabu, na mwanafunzi wa utabibu wa meno.

Katika mwaka wa 1904 kijana Walter Clement Noel alitoka kisiwa cha Grenada akaenda kusoma Chicago, Marekani. Hakukaa sana akaugua. Daktari Ernest Irons alipoitazama damu yake kwa darubini, aliona chembe nyekundu zilizopinda mfano wa mundu. Mkubwa wake, James Herrick, alizitangaza habari hizo mwaka wa 1910. Noel alihitimu, akarudi kwao, akatibu meno ya watu mpaka alipofariki mwaka wa 1916, angali kijana.

Baadaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii katika mwaka wa 1949. Aliona kwamba wenye kubeba urithi wa selimundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno katika nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alieleza sababu: arithiye kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, arithiye kwa wazazi wote wawili huugua. Basi maradhi haya si uchawi wala husuda.

Mzazi aliyekesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa huliona jino kuwa jambo dogo. Tena husema, jino la utoto litang'oka lenyewe. Hapo ndipo hatari ilipo. Jino lililooza ni mlango wa vijidudu. Vijidudu huleta homa, na homa hukausha maji ya mwili. Ndipo chembe hupinda, zikaziba mishipa midogo, na maumivu yakarudi. Pengine taya huuma hali jino ni zima, kwa sababu damu imezuiwa njiani.

Kwa hiyo mtoto huyu apige mswaki kila siku, asukutue kinywa baada ya dawa yenye sukari, naye daktari wa meno aambiwe habari za damu yake kabla hajashika koleo.

Noel alitibu meno ya wengine na maradhi yamo damuni mwake. Maisha yake yatufundisha kwamba mwili ni mmoja: alindaye jino la mtoto mgonjwa amelinda na damu yake.