Gudulia la İznik

İznik ni mji mdogo ulio kando ya ziwa, kaskazini-magharibi mwa Uturuki. Zamani ukiitwa Nikea, na Wakristo waliufanyia mtaguso wao mwaka 325. Waothmani waliutwaa mwaka 1331. Fahari yake kubwa, kwangu mimi, ni wafinyanzi wake.

Hawa hawakutumia udongo wa kawaida. Walisaga mawe ya kwatzi yakawa unga, wakauchanganya na kioo kilichosagwa na udongo mweupe kidogo; katika kila mafungu kumi, karibu manane yalikuwa kwatzi. Unga wa namna hiyo haunati, na gurudumuni ni mkaidi. Hata hivyo, kwa unga huohuo waliinua magudulia ya maji yenye tumbo la mviringo na shingo ndefu nyembamba. Gudulia lilipakwa tabaka jeupe, mchoraji akalichora kwa mkono, kisha likatiwa mng'aro wa kioo na kuchomwa tanurini.

Mwanzoni walichora kwa buluu juu ya nyeupe, kwani ikulu ya Waothmani ilipenda kauri za China. British Museum, London, ina gudulia moja la mwaka 1529, si zima tena, lililozungukwa na vijitawi vyembamba. Maandishi yake ya Kiarmenia yanamtaja askofu Ter Martiros, na mji wa Kütahya uliofanya kazi ileile. Mchoraji hatajwi. Ndivyo ilivyo karibu katika kazi zote: jina la Musli, lililoandikwa kwenye taa ya msikiti ya mwaka 1549, ni bahati adimu.

Kisha yakaja maua. Kara Memi, mkuu wa wachoraji wa Sultan Suleiman, alipenda maua ya bustanini: tulipu, waridi, karnesheni. Wachoraji wa İznik wakayapokea, wakayatia kila mahali, vigaeni na maguduliani. Nyekundu yao maarufu, iliyoonekana katika Msikiti wa Süleymaniye uliokamilika 1557, ilitokana na udongo wenye chuma. Ilipakwa nene hata kidole kinahisi ua lilivyoinuka.

Kilichowaangusha hakikuwa uhaba wa ustadi. Ikulu iliwapangia bei na kuishikilia, huku gharama za kila kitu zikipanda. Kwa bei hiyo, Msikiti wa Sultan Ahmed ulimeza vigae zaidi ya 20,000. Msafiri Evliya Çelebi alipofika mwaka 1648 aliandika kwamba matanuri yaliyokuwa 300 yamebaki tisa. Bei ile ilikuwa dhuluma, na sioni jina jingine la kuiita.

Hata jina la mji walinyang'anywa. Kati ya 1865 na 1878 makumbusho ya Cluny, Paris, yalinunua vyombo 532 kutoka kisiwa cha Rhodes, na Ulaya ikaamini vimefinyangwa huko. Leo vinaonyeshwa Écouen, nje ya Paris, kwa jina la İznik. Na tangu miaka ya 1990 matanuri yanawaka tena mjini humo, kwa kwatzi ileile.