Koti la Manyoya na Baridi ya Kibo

Sisi tukaao Temeke na Kinondoni baridi kali twaijua kwa kusikia tu. Basi marobota ya mitumba yafunguliwapo sokoni Tandika, likatokea koti nene lililojazwa manyoya ya bata, watu hucheka na kuuliza ni nani atakayelivaa katika joto la Pwani. Lakini koti lile si la kuchekwa. Katika nchi yetu hii hii pana mlima ambapo watu wamekufa kwa kukosa mavazi ya namna hiyo.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka Rabai kwenda Uchaga, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake ni kitu gani, yule alijibu kwamba adhani ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, ingawa wajuzi wengine wa Ulaya walikataa kusadiki.

Lakini Wachaga walikuwa wamekwisha kuijua baridi ile kwa msiba. Rebmann alisimuliwa kwamba Rungua, Mangi wa Machame, alipeleka kundi kubwa la watu kuupeleleza weupe ule, akitumaini huenda ni fedha. Akarudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibika. Wenziwe waliangamia kwa baridi, na kwa hofu pia, maana walidhani pepo wabaya ndio wanaowaua. Watu hao hawakukosa ushujaa. Walikosa mavazi na maarifa.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Katika kambi yao ya juu, zaidi ya mita 4,300, alikaa pamoja nao Mwini Amani wa Pangani, mtu wa Pwani kama sisi. Yafaa jina lake likumbukwe, kwa kuwa pasipo wapagazi na watunza kambi hapana mgeni aliyefika kileleni.

Siku zile koti la manyoya lilikuwa halijatumika milimani. Katika mwaka wa 1922 George Finch, mjuzi wa kemia, alikwenda kuupanda Everest, mlima mrefu kupita yote duniani. Alivaa koti alilolibuni mwenyewe, la kitambaa cha puto lirukalo hewani, lililojazwa manyoya laini ya bata wa bahari za kaskazini. Wenzake walimcheka, lakini baridi ilipozidi, wakamwonea wivu. Tangu hapo vazi hilo likaenea polepole kwa wapandaji wa milima.

Je, siri yake ni nini? Manyoya yenyewe hayana moto. Moto ni mwili wa mtu. Manyoya hushika hewa isitembee, joto lisitoroke, kama vile chungu cha wali kilichofunikwa blanketi kisivyopoa upesi. Bali adui yake ni maji. Manyoya yakilowa hushikamana, hewa hutoka, na koti huwa mzigo mtupu. Kwa hiyo mpandaji wa Kilimanjaro, apitaye kwanza katika msitu wa mvua, hulifunga koti lake katika mfuko usiopenya maji. Wala halivai akiwa amebeba mzigo na kutoka jasho. Hulivaa apumzikapo, na usiku apandapo Kibo, ambako kilele ni mita 5,895.

Wageni wengi huja na makoti hayo, lakini wapagazi wengine wamepanda na mavazi hafifu. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka wa 2003, shirika liitwalo Kilimanjaro Porters Assistance Project, lililoko Moshi, huwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo. Hiyo ni kazi njema, maana Bwana wetu alitufundisha kumvika asiye na nguo, naye abebaye chakula cha mwingine asife kwa baridi njiani.

Basi, ndugu msomaji, ukiliona koti lile sokoni, lifinye kwa mkono. Likiinuka tena, manyoya yake bado yana nguvu. Na kijana wako akienda Moshi kutafuta kazi ya mlima, usimpe baraka tu. Mpe na koti.