Upimaji wa UVIKO-19 Vyuoni: Hoja ya Usahihi na Hoja ya Marudio

Tarehe 10 Agosti 2020, Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, Marekani, kilianza mihadhara ya ana kwa ana. Wanafunzi waliorudi mabwenini hawakutakiwa kupimwa kwanza. Walihimizwa kuvaa barakoa, kuachiana nafasi na kujichunguza dalili. Ndani ya juma moja wanafunzi 130 walithibitika kuambukizwa, na miongoni mwa waliopimwa chuoni, waliokutwa na virusi walipanda kutoka asilimia 2.8 hadi 13.6. Tarehe 17 uongozi ukatangaza kwamba masomo ya shahada ya kwanza yanahamia mtandaoni. Siku iliyofuata Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimboni Indiana, nacho kikasimamisha mihadhara ya ana kwa ana kwa wiki mbili, ingawa wanafunzi wake walikuwa wamepimwa kabla ya kuwasili.

Chuo kimoja hakikupima, kingine kilipima mara moja, na vyote viwili vikakwama. Kwa waliopinga upimaji wa watu wote, Notre Dame ilikuwa ushahidi tosha. Nadhani waliusoma vibaya. Mjadala wa upimaji vyuoni, Marekani na hata huku kwetu, ulinaswa kwenye swali la kama kipimo ni sahihi, wakati hatima ya vyuo iliamuliwa na mambo mengine: kipimo kinarudiwa mara ngapi, majibu yanatoka lini, na aliyekutwa na virusi analala wapi usiku huo.

Haki itendeke kwa waliositasita. Mwongozo uliotolewa tarehe 30 Juni 2020 na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) haukupendekeza kuwapima wote wanaorejea vyuoni, kwa maelezo kwamba jambo hilo lilikuwa halijafanyiwa utafiti wa kutosha. Nyuma ya tahadhari hiyo kulikuwa na hesabu halali. Chukua chuo chenye wanafunzi 10,000, ambamo 50 wana virusi. Kipimo kinachonasa asilimia 90 ya wagonjwa kitawapata 45. Kipimo hichohicho, kama kinawasingizia asilimia 2 tu ya wazima, kitawaita wagonjwa wanafunzi 199 wasio na kitu. Kwa hiyo kati ya 244 watakaoambiwa wafungashe mizigo waende karantini, zaidi ya wanne katika kila watano ni wazima. Mkuu wa chuo anayeogopa hesabu hii haogopi kivuli.

Hata hivyo, hesabu hiyo imeazimwa hospitalini. Daktari anapompima mgonjwa mmoja anataka kujua ukweli kuhusu mtu huyo, na kosa lolote ni zito kwa sababu huenda hakuna kipimo cha pili. Chuo kinapopima bweni zima kinataka kukata mnyororo wa maambukizi. Aliyesingiziwa leo atapimwa tena kesho kwa kipimo cha uhakika zaidi na kurudi darasani. Aliyeponyoka leo atanaswa keshokutwa, mradi keshokutwa ipo kwenye ratiba. Notre Dame ilikosa hiyo keshokutwa. Kipimo cha kabla ya safari kinaeleza hali ya mtu siku alipotoa sampuli, na hakisemi lolote kuhusu sherehe ya Ijumaa.

Hoja hii ilipewa tarakimu na David Paltiel, Amy Zheng na Rochelle Walensky katika utafiti uliochapishwa mwishoni mwa Julai 2020. Walijenga modeli ya chuo chenye wanafunzi wapatao 5,000 na muhula wa siku 80. Kwa kutegemea dalili peke yake, karibu wote wangeambukizwa: 4,970. Kwa kipimo hafifu kinachonasa asilimia 70 tu ya wagonjwa lakini kinachorudiwa kila baada ya siku 2, maambukizi yalikadiriwa kuwa 243. Kipimo hichohicho kikifanywa mara moja kwa wiki, 1,840. Modeli si chuo, na waandishi wenyewe waliweka masharti mengi. Lakini mwelekeo wa hesabu ni bayana: marudio yanafidia uhafifu, na uhodari wa kipimo haufidii ukawiaji. Kiangazi kile baadhi ya maabara za Marekani zilichukua wiki nzima kutoa majibu, na kufikia hapo aliyeambukizwa alikuwa ameshaambukiza wote aliojaliwa kuwaambukiza.

Jaribio kubwa zaidi la fikra hii lilikuwa Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign. Wanakemia wake walitengeneza kipimo cha mate ili kukwepa uhaba wa vijiti vya puani, chuo kikajiendeshea maabara chenyewe, na kila mwanafunzi na mtumishi akatakiwa kupimwa mara mbili kwa wiki. Mwanzoni mwa muhula mambo yakaharibika. Wanafizikia Nigel Goldenfeld na Sergei Maslov, waliokuwa wamekokotoa mwenendo wa maambukizi, walizihesabu sherehe za wanafunzi katika modeli yao; hawakuhesabu kwamba mtu aliyekwisha ambiwa ana virusi angekwenda sherehe vilevile. Tarehe 2 Septemba chuo kikawaagiza wanafunzi wa shahada ya kwanza wabaki vyumbani kwa wiki mbili, isipokuwa kwa mambo ya lazima. Maambukizi yakashuka, na muhula ukaendelea. Tofauti na Chapel Hill ni kwamba Illinois ililiona wimbi mapema, ikaweza kulipunguza makali bila kufunga.

Chuo Kikuu cha Duke, jirani kabisa na Chapel Hill, kilichagua njia ya bei nafuu: sampuli za watu watano zikachanganywa na kupimwa kwa pamoja. Kati ya tarehe 2 Agosti na 11 Oktoba kilipima sampuli 68,913 za wanafunzi 10,265, wakapatikana 84 wenye virusi. Nusu yao hawakuwa na dalili yoyote. Takwimu hiyo ndiyo jibu kwa waliodhani kumuuliza mwanafunzi mlangoni kama ana homa kunatosha.

Viongozi wengi wa vyuo vilivyofunguliwa bila upimaji wa marudio waliwalaumu vijana: hawasikii, wanapenda starehe. Lawama hiyo naiona nyepesi. Umri wa wanafunzi ulijulikana tangu Mei, ada za mabweni zilipokuwa zikipangwa. Na gharama haikuishia kwao. Utafiti wa CDC uliotoka Januari 2021 ulilinganisha wilaya zenye vyuo vikubwa: zile ambazo vyuo vyake vilianza masomo ya ana kwa ana, kasi ya maambukizi ilipanda kwa asilimia 56 katika siku 21 za mwanzo, na zile ambazo vyuo vyake vilianza mtandaoni ilishuka kwa karibu asilimia 18. Mpishi wa mgahawa wa jirani na mwenye nyumba ya kupanga walibeba mzigo wa uamuzi ambao hawakuulizwa.

Afrika Mashariki mjadala ulichukua sura nyingine. Mapema Mei 2020 Rais John Magufuli wa Tanzania alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya maambukizi. Mkurugenzi wa wakati huo wa Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (Africa CDC), John Nkengasong, alikanusha kwamba vipimo vilikuwa na hitilafu. Tanzania ilikuwa imetoa takwimu zake za kitaifa za mwisho kwa mwaka ule tarehe 29 Aprili, na vyuo vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Kupeleka sampuli za mtego maabara, kwenyewe, si kichekesho. Ni mbinu inayotambulika ya kudhibiti ubora. Ila hata tukikubali kila neno la maelezo yale, kinachofuata ni kukagua maabara na kurudia kipimo. Kuacha kupima hakufuati. Hapa pia swali la usahihi lilimeza maswali mengine yote.

Uganda ilielekea upande wa pili. Vyuo vilivyofungwa Machi 2020 viliruhusiwa kufunguliwa kikamilifu tarehe 1 Novemba 2021, baada ya kufunguliwa kwa sehemu na kufungwa tena. Ukitazama kwa makini, kufungua bila kupima na kufunga bila kupima ni ndugu: vyote viwili vinaamua mambo ya maelfu ya watu gizani.

Najua pingamizi la haraka: Illinois ina fedha, sisi hatuna. Ni kweli, na katika mabweni yetu kikwazo kigumu zaidi kiko nje ya maabara. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anajua kubebana ni nini: aliyepata chumba anampokea mwenzake aliyekosa, na kitanda cha mmoja kinalaza wawili. Mwambie mmoja wao ana virusi, halafu umpeleke wapi? Bila chumba cha kumtenga, chakula cha kumpelekea na uhakika kwamba hatapoteza mtihani, kipimo kinakuwa sensa tu, na mwanafunzi mwenye akili timamu atakikwepa.

Lakini uhaba hauhalalishi kutopima kabisa. Mwaka 2020 huohuo, Léon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda, Wilfred Ndifon wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati (AIMS) na wenzao walichapisha njia ya kihisabati ya kuchanganya sampuli ili mgonjwa apatikane kwa vipimo vichache sana pale maambukizi yanapokuwa madogo. Wazo la msingi ni la Robert Dorfman, la mwaka 1943, kwa ajili ya kuwapima kaswende askari wa Marekani. Tukirudi kwenye wanafunzi wetu 10,000, makundi ya kumi kumi yangehitaji vipimo 1,000 vya kwanza na kama 490 vya kuwatambua waliomo kwenye makundi yenye virusi, yaani chini ya sehemu moja ya sita ya kazi yote. Na ipo njia rahisi kuliko hiyo. Mwishoni mwa Agosti 2020 Chuo Kikuu cha Arizona kilikuta virusi kwenye maji taka ya bweni moja, kikawapima watu 311 waliohusika nalo, kikawapata wawili wasio na dalili kabla hawajasambaza. Maji taka ya hosteli hayahitaji ridhaa ya kila mtu wala kijiti puani.

Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala, pamoja na tume za vyuo vikuu za kila nchi, vina mamlaka ya kuuliza hili sasa, kabla ya mlipuko mwingine: kila chuo kiandike ni maabara ipi itapokea sampuli zake, majibu yatatoka ndani ya saa ngapi, vyumba vingapi vitaachwa wazi kwa ajili ya kutenga wagonjwa, na fungu gani litawalisha watakaokuwamo. Chuo kisichoweza kujibu hayo kisipewe kibali cha kufungua mabweni wakati wa janga, hata kama kipimo chake kinasifiwa dunia nzima.