Ekografi si ya mimba tu: goti la mutoto na majiwe ya Shinkolobwe

Bandugu, hapa Likasi mama akisema anaenda kupiga ekografi, wote wanauliza mimba iko ya miezi ngapi. Mimi mutu wa agronomi nilikuwa nawaza vile pia, mpaka goti la mutoto wa jirani likavimba bila yeye kuanguka. Walisema rimatisima. Wengine SS. Bibi mumoja akasema wamemuroga. Ilichukua muda mpaka damu ikapimwa vizuri: hemofilia.

Damu yenye kukosa fakta VIII ao IX haigande vizuri, inavuja hata ndani ya viungo. Chuma ya hiyo damu inabaki mule, ngozi ya ndani inavimba, gegedu inalika polepole. Radio inaonyesha mufupa umekwisha kuharibika; hapo tumechelewa. Ekografi inaona damu, inaona ile ngozi imenenepa, bila miale, mutoto akiwa amekaa tu kwa mama yake.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1880 Pierre Curie na kaka yake Jacques waliona kama jiwe fulani za kungaa, ukizikandamiza, zinatoa umeme. Paul Langevin, mwanafunzi wa Pierre, akazitumia wakati wa vita ya 1914-1918 kwa kutafuta manowari chini ya maji. Mwaka 1958 Ian Donald wa Glasgow akatangaza picha za tumbo la wamama. Magoti yalingoja sana: ni 2013 tu Carlo Martinoli na wenzake walitoa HEAD-US, namna ya kupima viwiko, magoti na vifundo vya miguu, viungo sita, na kuvipa pointi.

Huyo Pierre njo yule alivumbua radiumu pamoja na Marie, 1898. Na tangu 1922 radiumu ya majiwe ya Shinkolobwe, hapa karibu yetu, ilikuwa inatolewa Olen, Ubelgiji. (Siandike hii kwa kulilia wakoloni, wengine wanafanya ile vizuri kunipita.) Chenye kuniuma ni cha leo. Mashini ya kuangalia mimba tunaijua. Goti la mutoto linaomba sonde ingine, ya kuona karibu, na mutu aliyejifunza kuisoma. Tena fakta iwepo, maana picha haizuie damu.

Goti la kushoto la ule mutoto halinyooke tena. La kuume bado muzima. Hakuna mutu amelipiga ekografi mpaka leo.