Fundo la Chuma Lililoleta Mkonge Thika

Ukitoka Ruiru kwa barabara kuu ukapita Juja, ukavuka mto Chania na mto Thika ukielekea Makuyu, utakutana na magorofa, kisha mananasi, kisha maparachichi na makadamia. Mkonge utauona hapa na pale tu, umepandwa mstari mmoja kuzunguka boma. Kijana aliyezaliwa Thika miaka ya karibuni anaweza kukua bila kujua kwamba mmea huo wa uani ulitawala mashamba makubwa ya eneo hili kwa zaidi ya nusu karne, wala kwamba ulistawishwa hapa kwa sababu ya ngano ya watu wa mbali, iliyovunwa kwa mashine za kukokotwa na farasi.

Ngano haimngoji mtu. Ikishaiva, mkulima ana wiki moja au mbili kabla punje hazijapukutika au mvua haijayalaza mabua. Kwa mundu, mvunaji mzoefu hakumaliza ekari moja kwa siku, na nyuma yake alihitajika mwingine wa kukusanya mabua na kuyafunga miganda. Mtu aliweza kuwa na ardhi kubwa na mbegu tele, lakini alipanda kiasi ambacho mikono ya wakati wa mavuno ingeweza kukimaliza.

Mwaka 1828 Patrick Bell, mwana wa mkulima wa Scotland aliyekuwa akisomea uchungaji, aliingiza shambani mashine iliyosukumwa na farasi wawili kutoka nyuma. Mbele yake ilikuwa na safu ya mikasi. Mabawa ya mbao yaliyozunguka yaliyainamisha mabua kuelekea kwenye mikasi hiyo, na turubai lililokuwa likitembea likayamwaga ubavuni. Bell hakuomba hataza. Alitaka wakulima wenzake waitumie bure. Marekani, Obed Hussey alipata hataza ya mashine yake mwaka 1833. Cyrus McCormick wa Virginia, aliyekuwa amejaribu ya kwake mwaka 1831, alipata hataza mwaka 1834. Katika karakana ya akina McCormick alifanya kazi pia Jo Anderson, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa wa familia hiyo. Mchango wake unatambuliwa siku hizi, lakini hataza haikumtaja.

Mashine hizo za Marekani zilitegemea gurudumu moja kubwa lililokanyaga ardhi. Farasi walipovuta, gurudumu lilizunguka, na meno ya chuma yakapeleka nguvu hiyo kwenye kisu kirefu kilichokwenda na kurudi kati ya vidole vya chuma. Farasi wakisimama, kisu nacho husimama. Kasoro zilijitokeza palepale. Mabua mabichi na magugu yalijisokota kati ya vidole na kukwamisha kisu. Hussey akaitatua kasoro hiyo mwaka 1847 kwa kuviacha vidole wazi upande wa juu ili takataka zipate pa kutokea. Mabua yaliyokatwa yalirundikana jukwaani, na mtu alilazimika kutembea kando ya mashine akiyavuta kwa reki. Baadaye akapewa kiti. Baada ya kiti ikaja reki iliyojiendesha yenyewe.

Kila rekebisho liliihamisha taabu badala ya kuimaliza. Kukata kulipokuwa rahisi, kukusanya kukawa ndiko kunakochelewesha. Kukusanya kulipopata dawa, ikabaki kufunga. Mwaka 1858 ndugu wawili wa ukoo wa Marsh, huko Illinois, walipata hataza ya mashine iliyopandisha mabua kwa turubai hadi kwenye jukwaa ambako wanaume wawili walisimama, wakafunga miganda huku mashine ikienda. Wafungaji hawakuinama tena, ila kazi ilikuwa bado ya mikono.

Katika miaka ya 1870 zikaja mashine zilizofunga kwa waya. Zilifanya kazi vizuri, na wakulima wakazichukia. Vipande vya waya viliingia kwenye malisho ya ng'ombe na kwenye vinu vya unga. Waliotaka uzi badala ya waya walikabiliwa na swali gumu: waya unatosha kusokotwa ncha zake, lakini uzi lazima upigwe fundo. Je, chuma kitapigaje fundo?

Aliyepata jibu lililoshinda mengine ni John Appleby wa Wisconsin, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1870. Husimuliwa kwamba alichonga kielelezo cha kwanza kwa mti akiwa bado kijana. Kifaa chake kilifanana na mdomo wa ndege. Sindano kubwa iliyopinda ilizungusha uzi kwenye mganda na kuzileta ncha mbili pamoja. Mdomo ule ukageuka mzunguko mmoja, uzi ukajiviringisha juu yake. Ukafunguka, ukazibana ncha mbili, ukafumba. Kisu kidogo kikakata. Mikono ya chuma ikausukuma mganda nje, na mganda ulipokuwa ukianguka ulilivua lile duara la uzi kutoka kwenye mdomo, fundo likakaza. Yote hayo yalikwisha kufumba na kufumbua, farasi wakiendelea kutembea. Mimi nakihesabu kifaa hicho kuwa kazi nzuri kuliko zote katika historia ya mashine za kuvunia. William Deering aliinunua haki ya kukitumia, akauza mashine zapata 3,000 kwa mavuno ya 1880. McCormick akafuata mwaka 1881. Mwaka 1902 kampuni za familia hizo mbili ziliungana na nyingine, ikazaliwa International Harvester.

Hapo ndipo Thika inapoingia, ingawa wakati huo hakukuwa na mji wa jina hilo.

Fundo linataka uzi. Ekari moja ya ngano ilikula kati ya ratili 2 na 3 za kamba nyembamba, na ratili moja ya kamba ya katani, yaani nyuzi za mkonge na jamaa zake, ilikuwa na urefu wa futi 500 hivi. Mkulima mwenye ekari 100 alihitaji takriban ratili 250, yaani zaidi ya kilo 110, kwa msimu mmoja tu, na mwaka uliofuata alinunua upya kwa kuwa kamba ya mwaka jana ilikatwa wakati wa kupura. Kamba hiyo ilipaswa kuwa ngumu kiasi cha kuvumilia mvuto wa mashine, tena iwe kitu cha shambani ambacho ng'ombe akikila kwa bahati mbaya hakitamuua kama waya. Katani ilifaa. Mwanzoni ilitoka Yucatán, Mexico, ambako matajiri wachache walijenga majumba ya fahari juu ya migongo ya Wamaya waliofungwa mashambani kwa madeni.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62, na ndiyo chanzo cha mkonge wa Tanganyika. Kutoka upande huo mmea ulivuka mpaka. Katika Kenya, walowezi wawili, Randall Swift na Ernest Rutherfoord, walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuupanda kibiashara, katika shamba lao la Punda Milia kaskazini mwa Thika, mwanzoni mwa karne ya 20. Nchi ile ya joto na mvua haba, isiyopendwa sana na kahawa, mkonge uliipenda. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na marobota ya singa, yaani nyuzi za mkonge, yakapata njia ya kwenda Mombasa.

Kuna jambo la kushangaza kidogo hapa. Mashine za farasi zilizoleta haja ya kamba hazikuweza kufanya kazi vizuri katika nchi iliyoanza kuzalisha malighafi ya kamba hiyo, maana farasi wengi waliangamizwa na maradhi. Walowezi waliolima ngano upande wa Njoro, akiwemo Lord Delamere, walitegemea maksai. Na mkonge wenyewe haukuvunwa na mashine yoyote. Jani lake lina mwiba nchani, limeshikamana na shina, na yanayostahili kukatwa ni yale ya chini tu. Ya juu yakikatwa mapema mmea hudhoofika. Kisu cha kwenda na kurudi hakichagui. Mkono wa mtu ulichagua.

Uhodari wa mafundi ukahamia kiwandani, kwenye mashine iliyoitwa korona kwa jina la chapa ya Krupp ya Ujerumani. Kulikuwa pia na zile za Robey wa Lincoln, Uingereza. Jani lina maji na nyama nyingi. Singa ni asilimia 3 au 4 tu ya uzito wake. Majani yalilazwa kwa ubapa, yakabanwa katikati na kupitishwa kwenye pipa la chuma lenye vile butu lililozunguka kwa kasi na kuparua nusu moja. Kisha yakabanwa upande uliokwisha kuparuliwa, pipa la pili likaparua nusu iliyobaki, maji yakirushwa kuosha. Singa zilitoka za kijani kibichi, zikaanikwa juani kwenye nyaya hadi zikawa nyeupe, zikapigwa brashi na kufungwa marobota. Kwa kuwa jani likikauka haliparuliki vizuri, lilitakiwa lifike koronani ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana mashamba makubwa ya mkonge yalitandikwa reli ndogo za vitoroli.

Turudi kwa mkulima wetu mwenye ekari 100 za ngano. Kilo zake 110 za kamba zilitaka zaidi ya tani 3 za majani, ambayo kwa makadirio ni majani kama 5,000. Kila moja lilikatwa kwa kisu na mkono wa mtu, likapunguzwa mwiba, likahesabiwa katika fungu, likabebwa begani hadi kwenye reli. Mashine iliyompumzisha mvunaji wa Illinois asiiname tena ilimwinamisha mkata mkonge wa Makuyu.

Hali za wakataji hao hazikuwa siri. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kilianza kutumika kuwabana wanaume waliotoroka kazini, na mwaka 1921, bei za mazao ya nje zilipoporomoka, waajiri walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Harry Thuku wa Kambui, huko Kiambu, aliwakusanya watu kupinga kipande, kodi na punguzo hilo. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokwenda kudai aachiliwe jijini Nairobi ukapigwa risasi.

Ruiru ilikuwa zaidi nchi ya kahawa, na kahawa ya hapa nayo imekataa mashine ya kuvunia kwa sababu zake. Tunda jekundu hukaa tawi moja na la kijani, na mchumaji lazima apite mti uleule mara nyingi kwa msimu. Watafiti wa Ruiru walipotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, iliyo fupi na yenye kuvumilia chulebuni na kutu ya majani, walimrahisishia mchumaji kufikia matawi. Kuchuma kumebaki kwa mikono. Lakini upande huohuo wa Ruiru na Juja uliupokea mkonge kwa namna yake, kupitia viwanda vya magunia na kamba kama vile East African Bag and Cordage. Singa zikaanza kusokotwa hapa nyumbani.

Mwisho wa mkonge wa Thika ulitoka kulekule ulikotoka mwanzo wake, kwenye mashamba ya ngano ya ng'ambo. Kombaini, inayokata na kupura kwa pamoja, haina haja ya miganda, na ilipoenea Marekani kamba ya kufungia miganda ikakosa kazi. Mkonge uliokolewa kwa muda na mashine nyingine, ile ya kufunga marobota ya nyasi, iliyotengenezwa na Edwin Nolt wa Pennsylvania mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuuzwa na kampuni ya New Holland. Kipiga fundo chake kilikuwa cha ukoo wa Appleby. Mapema miaka ya 1950, Vita vya Korea vikiwa vimepandisha bei, wenye mashamba walivuna fedha nzuri. Halafu, katika miaka ya 1960, kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaung'oa mkonge.

Kampuni ya Kakuzi iliandikishwa mwaka 1927 kwa jina la Kakuzi Fibrelands, yaani kampuni ya nchi ya singa. Leo inajulikana kwa maparachichi na makadamia. Kandokando ya Thika, mananasi ya Del Monte yalichukua ardhi iliyokuwa na mkonge. Mkonge wa biashara nchini umebaki hasa Kilifi, Taita Taveta, Kibwezi na Baringo.

Kinachonisumbua ni kwamba historia ya Thika bado husimuliwa kwa sauti ya wenye mashamba. Kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kuhusu utoto wake Thika kinasomwa duniani kote, lakini mkata mkonge hana kitabu. Waliofanya kazi koronani katika miaka ya mwisho ya mkonge sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Serikali za kaunti za Kiambu na Murang'a, Makumbusho ya Taifa, na chuo kikuu cha JKUAT kilichoko Juja penyewe, wana watu na vifaa vya kuwarekodi wazee hao na kuzitafuta korona zilizobaki kabla hazijauzwa kama vyuma chakavu. Nawe msomaji, kama baba au nyanya yako alikata mkonge Makuyu, Punda Milia au Juja, muulize alilipwa kwa mafungu mangapi, alilala wapi, na nani alikuwa nyapara wake, kisha uyaandike majibu hayo mwaka huu.