Nguo zenye akili: umeme ukishonwa ndani ya kitambaa

Nguo yenye akili ni nguo iliyoshonwa pamoja na vidude vya umeme, ao kwa kitambaa chenye kubadilika chenyewe, ili isikie jambo fulani na kujibu. Inasikia joto la mwili, pumzi, ao mguso wa kidole. Kisha inawasha taa, inatetemeka, ao inatuma habari kwenye telefone. Kubeba telefone mfukoni hakufanye koti kuwa na akili: kitambaa chenyewe lazima kishiriki kazi.

Mfano wa karibu na sisi uko Uganda. Huko Olivia Koburongo na Brian Turyabagye, wote wawili watu wa masomo ya ufundi wa simu, walibuni koti la mtoto linaloitwa Mama-Ope. Wazo lilitoka kwenye msiba. Nyanya wa Koburongo alihamishwa hospitali moja mpaka ingine, na wakati wanganga walipotambua kwamba ni nimonia, saa ilikuwa imepita. Mtoto anavalishwa koti, vihisi vilivyo ndani vinasikiliza sauti ya mapafu, vinapima joto na mwendo wa pumzi, na majibu yanaenda kwa Bluetooth mpaka kwenye programu ya telefone. Mwaka 2017 koti hilo, lililokuwa bado modeli ya majaribio, liliingia kati ya kazi zilizochaguliwa kushindania tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Juu ya nini koti kama hilo liwe na maana? Juu nimonia inafichama. Mtoto anakohoa, iko na homa, na mzazi anafikiri moja kwa moja ni malaria. Kufuatana na hesabu za Shirika la Afya Ulimwenguni, mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 wenye umri chini ya miaka 5. Hata hivyo, koti halitoe dawa wala oksijeni. Kazi yake ni kumwambia muuguzi wa kituo cha mbali kwamba huyu mtoto hapaswe kungoja mpaka kesho.

Ginsi gani umeme unapita ndani ya nguo? Siri ni uzi. Kuna uzi wa nailoni uliopakwa fedha, na mwingine wa nyuzi nyembamba za chuma kisichoshika kutu. Unaingia kwenye sindano sawa uzi wa kawaida, lakini unapitisha umeme. Fundi wa kushona anapaswa kujifunza jambo moja ambalo kwa pamba halimusumbue kabisa: nyuzi mbili zikigusana mahali hazipaswe, umeme unapita njia ya mkato, taa zinazimika na betri inapata moto. Kwa hiyo kila mshono unachorwa kwanza kwenye karatasi.

Mwaka 1997, watafiti wa MIT Media Lab huko Marekani walitarizi kinanda kwenye koti la jinzi: ukigusa nambari, muziki unalia. Miaka 10 nyuma ya hapo, Leah Buechley alileta LilyPad, kompyuta ndogo ya mviringo yenye matundu pembeni ili ishonwe kwa mkono. Hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa wanafunzi na washonaji wasiokuwa wainjinia.

Vitambaa vingine havihitaji hata betri. Mwaka 1991 kampuni Generra ya Seattle iliuza fulana za Hypercolor zilizobadilisha rangi kwa joto la mkono. Vijana walizipenda sana, lakini kuzifua kwa maji ya moto ao kuzipiga pasi kuliharibu rangi. Kuna pia nitinol, mchanganyiko wa nikeli na titani: unaukunja, unaupasha joto, unarudilia umbo lake la kwanza. Wabunifu wanautumia kufanya mikono ya shati ipande yenyewe.

Kufua ndiko kunaangusha kazi nyingi za namna hii. Dawa ya kawaida ni vifungo vya kubana vya chuma: vinashikilia betri na kompyuta ndogo, na vilevile vinapitisha umeme. Siku ya kufua unatoa, kisha unarudisha. Koti ambalo Google na Levi's walitoa mwaka 2017 kwa wapanda kinga liliuzwa dola 350. Kugusa mkono wa kushoto kulitosha kupokea simu. Mwaka 2023 Google ilifunga programu yake, na makoti yakabaki jinzi tu. Mtu alilipa dola 350, na akili ya koti lake ilikuwa mikononi mwa wengine.

Kwa mkaaji wa mashariki, vifaa hivi haviko vigeni kabisa. Tantali inayotumiwa katika vidude vya kutunza umeme inatoka kwenye koltan, kama ile ya Rubaya. Bati ya kulehemu inatoka kwenye kasiteriti, kama ile ya Bisie huko Walikale. Kobalti ya Lualaba inaingia katika betri nyingi za lithiamu. Mawe yanatoka hapa kwa magunia, na koti linarudi kwa bei ya mbuzi kadhaa, kama linarudi.

Anayetaka kujaribu anaweza kuanza na taa ndogo moja, uzi wa chuma na betri ya duara, ile bapa kama kifungo, kwenye koti la mwenye pikipiki ili aonekane usiku. Mfuko wa betri ushonwe wenye kufungika vizuri. Mtoto akimeza betri hiyo, inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2 tu, hata kama anaonekana mzima. Usimlazimishe kutapika. Apelekwe hospitali palepale, usiku ao mchana.