Kambi ya Askari Wasio na Bunduki

Askari hufunzwa. Anaamshwa alfajiri, anakimbizwa, anafokewa, mpaka siku risasi zikilia mwili wake unajua la kufanya kabla akili haijaamka. Na mtu wa amani je? Huyo tunamwambia tu awe mpole na aombe sana. Eti hayo yanatosha.

Mwaka 1984, mjini Strasbourg, Ufaransa, mwanatheolojia Ron Sider alisimama mbele ya mkutano wa dunia wa kanisa la Mennonite, watu waliokataa kubeba silaha tangu karne ya 16. Akawauliza swali la kuchoma: vijana wa wenzetu wanakubali kufa vitani, sisi tunaohubiri amani tuko tayari kufa kwa ajili yake? Au amani yetu ni kukaa nyumbani tu huku wengine wakiuana?

Swali hilo ndilo lililozaa Christian Peacemaker Teams mwaka 1986. Kuanzia 1993, waliojitolea walipitia mafunzo Chicago, karibu mwezi mzima. Waliigiza: wewe uwe askari kwenye kizuizi cha barabarani, yule awe raia mwenye hasira, na mimi nisimame katikati nisirushe ngumi wala nisitoroke. Walijifunza kuandika walichokiona: saa ngapi, wapi, nani kafanya nini. Walijifunza pia kuogopa bila kupagawa.

Kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa ndogo tu. Kule At-Tuwani, kusini mwa Hebron, walisindikiza watoto wa Kipalestina kwenda shule kwa njia iliyopita kando ya makazi ya walowezi wa Kiisraeli. Septemba 2004, walowezi waliofunika nyuso waliwavamia wasindikizaji wawili na kuwajeruhi vibaya. Habari zikaenea, na mwishowe jeshi la Israeli lenyewe likaamriwa kuwasindikiza watoto hao.

Hapo kuna jambo linalokera, na tuliseme. Watoto walikuwa wametishwa kwa muda mrefu. Kilichoitikisa serikali ni damu ya wageni wenye pasipoti za nchi kubwa. Mbinu nzima iliegemea ukweli huo mchungu: kwamba duniani kuna maisha yanayohesabiwa na mengine yanayopita tu. Wenyewe walijua, na walibishana sana kuhusu hilo.

Halafu ikaja Baghdad. Timu ilikuwa huko tangu 2002, ikikusanya ushuhuda wa familia za Wairaki waliokamatwa na Wamarekani, hata kabla ya picha za Abu Ghraib kufichuka. Tarehe 26 Novemba 2005, wanaume wanne walitekwa: Tom Fox, Norman Kember, James Loney na Harmeet Singh Sooden. Ile pasipoti iliyokuwa ngao, sasa ikawa ndiyo bei.

Fox alikuwa Mmarekani wa kanisa la Quaker, lile lile lenye waumini wengi kwetu Vihiga na Kakamega. Kwa miaka 20 alikuwa mwanamuziki katika bendi ya jeshi la Marekani. Mwaka mmoja kabla ya kutekwa, timu yake ilikuwa imeandika msimamo: tukitekwa, isilipwe fidia, na nguvu isitumike kutuokoa wala kuwaadhibu watekaji.

Machi 2006, mwili wa Fox ulipatikana Baghdad. Wiki mbili baadaye wenzake watatu walitolewa na wanajeshi, bila risasi hata moja, kwa kuwa watekaji walikuwa wameshaondoka. Ndiyo, waliokataa bunduki waliokolewa na wenye bunduki. Waliowadhihaki hawakuliacha hilo lipite.

Basi mafunzo yalifeli? Kama lengo lilikuwa kurudi nyumbani salama, kwa Fox yalifeli. Lakini Desemba 2006, mjini London, wale watatu walikutana na waandishi wa habari. Watuhumiwa walikuwa wamekamatwa na wangeweza kunyongwa. Wakasema wamewasamehe bila masharti, na hawataki auawe mtu kwa niaba yao.

Mtu hasemi maneno hayo kwa kukurupuka, baada ya karibu miezi minne ya minyororo na rafiki aliyezikwa. Nadhani yalianza kutayarishwa zamani, kule Chicago, siku mtu alipofokewa na askari wa kuigiza, akajifunza kutorudisha.